Kilichokuwa nyuma ya mama

Kuna picha ya mama ipo kwenye ile albamu ya zamani yenye nailoni zinazogandana ukifungua. Kasimama, kavaa gauni la kitenge, kambeba kaka yangu, jua limempiga usoni anacheka huku kafinya macho. Mgongoni mwa picha baba kaandika kwa kalamu ya bluu "Kimara shamba, Pasaka 88". Nimekua nayo hiyo picha na miaka yote nilikuwa namwangalia mama tu, nani ataangalia kingine. Mpaka 2017, mwaka ule nyumba za kandokando ya Barabara ya Morogoro zilivunjwa kuanzia Kimara kwenda huko mbele kupisha upanuzi wa barabara, na ya mjomba ikiwemo, ndo jioni moja tumekaa kimya sebuleni nikaivuta ile albamu nikaanza kuangalia kilichokuwa nyuma ya mama. Kuna mkorosho mkubwa. Kuna kinjia cha mchanga kinashuka bondeni, kuna baiskeli imeegeshwa kwenye mti ina magunia mawili ya mkaa, na mbali kabisa kuna bati. Bati moja tu kwenye picha nzima, na hapo ni Kimara, ambayo leo ina kituo kikubwa cha mabasi ya mwendokasi na barabara ya njia nane inaanzia hapo kwenda Kibaha kilomita 19 na ushee.

Nikamuuliza mama, hapa ulisimama wapi? Akasema si pale kwenye mkorosho. Mkorosho upi mama? Akaanza kunielekeza kwa majina ya watu waliohama zamani. Wiki iliyofuata tukaenda naye, tumezunguka kama masaa mawili, anasimama, anageuka, anasema ni hapa, anasogea kidogo, anasema hapana itakuwa kule, kwa sababu vitu vyote alivyokuwa anavitumia kujua yupo wapi havipo tena, mti haupo, kinjia hakipo, hata ule mteremko wenyewe umejazwa kifusi pamekuwa tambarare. Tukarudi bila kupaona. Nyumba ya mjomba angalau najua ilikuwa wapi. Hapa mama yangu alishindwa kujua mahali alipolima mihogo miaka kumi.

Kamera nilinunua ya mtumba laki nne, na sehemu kubwa ya picha bado napiga kwa simu, ila tangu 2019 nimekuwa natoka kila ninapopata Jumamosi naenda kupiga picha pembeni mwa jiji la Dar es Salaam. Nasema pembeni kwa makusudi. Watu wengi wanaopiga picha Dar wanapiga Posta, wanapiga daraja la Kigamboni, flaiova ya Tazara, daraja la Tanzanite usiku na taa zake, na ni picha nzuri sana sizikatai, hata mimi ninazo. Lakini vile vitu vinapigwa picha kila siku na kila mtu, miaka hamsini ijayo hakuna atakayekosa picha ya daraja. Kitakachokosekana ni picha ya Kiluvya kabla haijawa mji, Chanika, Msongola, Bunju kule ndani, Vikindu, Mapinga, maana pale hakuna anayeona cha kupiga. Ni mihogo na miembe na njia ya mchanga, kama nyuma ya mama.

Na jiji lenyewe huko ndo linakokwenda. Angalia sensa. Dar 2012 tulikuwa watu 4,364,541, sensa ya 2022 ikatoa 5,383,728. Ongezeko kubwa, milioni nzima. Sasa angalia Mkoa wa Pwani jirani, 2012 walikuwa kama milioni 1.1, 2022 wakafika milioni 2.02, yaani wamekaribia kuwa mara mbili kwa miaka kumi. Hao watu hawajaenda kulima. Ni sisi, tumepandishiwa kodi Sinza, tumeuza Tandale, tumevunjiwa Kimara, tukasikia kuna viwanja kule kwa bei ya kuanzia maisha.

Kuna sehemu moja naipenda kuliko zote, ipo ndani kidogo kutoka Kiluvya ukielekea upande wa Kisarawe, kuna kakilima ukisimama juu unaona bonde lote. Nimepiga picha pale kila baada ya miezi mitatu tangu Machi 2019, nasimama kwenye jiwe lilelile, saa moja na nusu asubuhi jua likiwa bado la upande. Picha ya kwanza ni bonde la mihogo, minazi michache, miembe mitatu mikubwa na nyumba mbili za udongo. Nilidhani mji utaingia kwa mkupuo, kumbe unaingia kwa hatua na ukiwa na subira unaziona zote. Kwanza zinakuja bikoni, vile vinguzo vifupi vya zege kwenye mipaka, ukiangalia picha haraka huvioni kabisa. Halafu linakuja bango la dalali limepigiliwa kwenye mwembe, "viwanja vinauzwa 20 kwa 20" na namba ya simu. Halafu mihogo haipandwi tena, majani yanaota, na hiyo ndo picha inayonisumbua kuliko zote kwa sababu shamba lililouzwa lakini halijajengwa lina ukimya wake. Kisha lori la mchanga linatafuta pa kupita na njia inapanuka kwa sababu ya lori, hakuna mtu aliyekaa akaamua barabara ipite pale, lori ndo limeamua. Tofali. Msingi. Boma linasimama mpaka kwenye linta halafu fedha zinaisha, linakaa pagale miaka miwili mitatu, na ndani ya pagale anawekwa kijana wa kulinda, anapanda mchicha sebuleni kwa watu. Kabla hujakaa sawa kuna bodaboda watatu chini ya mwembe, kuna mama kaweka meza ya nyanya, kuna fremu mbili za duka, kuna msikiti wa mabati na kanisa la turubai, halafu ndo nguzo za umeme zinakuja, na maji na lami mwisho kabisa kama vikija.

Hadi leo miembe miwili kati ya ile mitatu imeondoka. Wa tatu umebaki kwa sababu ndo kijiwe cha bodaboda.

Ukiyasoma vizuri majina ya mitaa ya Dar utaona hii hadithi sio ya jana. Mikocheni ni mikoche. Mchikichini ni michikichi. Mabibo, lile tunda la mkorosho. Mivinjeni, Mikoroshini, Mwembechai, Mwembeyanga. Jiji lote limejaa majina ya miti iliyokatwa ili mtaa ukae, na hakuna picha hata moja nimewahi kuiona ya huo mwembe wenyewe wa Mwembechai. Hata hao waliokuwa na kamera enzi hizo, wanajulikana. Kuna Mjerumani anaitwa Walther Dobbertin alikuwa na studio hapa Dar wakati wa utawala wao, picha zake nyingi zipo kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani na zingine unaziona intaneti bure kabisa. Nimekaa nazo usiku mwingi. Ukitaka kuona mtaa wa Dar wa wakati ule na minazi yake unaanzia kwake, na nashukuru zipo, lakini aliangalia alichotaka kuangalia yeye, na waliosimama kwenye picha zile wengi hawana majina. Mimi nataka ya kwetu iwe na majina.

Sasa tuongee kuhusu majina na watu, maana hapa ndo pagumu. Mwanamke mwenye kamera akiingia shambani kwa watu asubuhi hawaoni mpiga picha, wanaona mtu wa ardhi, au mtu wa barabara, au dalali, na kila mmoja hapo amewahi kuona X nyekundu, ile alama ya kuvunjiwa, imechorwa kwenye ukuta wa mtu anayemfahamu. Mara ya pili nakwenda pale Kiluvya mzee mmoja akatoka na jembe mkononi, nikamwamkia shikamoo mzee, akaitikia marahaba lakini hakusogea njiani, akaniuliza, "Binti, unatupiga picha ili mje mvunje lini?" Nikashusha kamera. Nikakaa naye chini. Nilikuwa na ile picha ya mama kwenye simu nikamwonyesha, nikamweleza habari ya mkorosho. Akaitazama muda mrefu, akasema Kimara hiyo nimefanya kibarua, huo mkaa huenda ulikuwa wangu. Sijui kama alikuwa anatania au vipi. Toka siku ile natembea na picha ya mama, na nimejiwekea utaratibu, nikifika sehemu mpya siku ya kwanza sipigi kitu, naenda kwa mjumbe, najieleza, nakunywa maji, narudi nyumbani. Siku ya pili ndo natoa kamera. Sura ya mtu sipigi bila kumuuliza na mtoto sipigi bila mzazi wake, na kila niliyempiga nampelekea picha yake imesafishwa kwenye karatasi, sio ya kumrushia wasapu. Studio wanasafisha kwa hela ndogo tu. Watu wazima huko bado wanaweka picha ukutani.

Nimewahi pia kuzuiwa na mlinzi kwenye ujenzi mmoja mkubwa, akanishika kamera akataka nifute zote, na nilifuta, kwa sababu nilikuwa nimesogea karibu kuliko nilivyotakiwa na sikuwa nimeomba. Sehemu kama bandari, kambi za jeshi na ikulu usiende na kamera kabisa, hilo kila mtu analijua. Kwa hayo mengine omba kwanza.

Kitu kingine nimejifunza kwa ile siku tulipozunguka na mama, ni kwamba kila picha lazima iwe na kitu ambacho hakitahama. Mti utakatwa, nyumba itavunjwa, bango litang'oka, lakini mgongo wa kilima ukiuweka kwenye picha hata kona tu, mtu atakuja baadaye atasogea kushoto atasogea kulia mpaka mstari wa kilima ukae sawa na atajua kasimama palepale. Zamani nilikuwa nakata anga na vilima ili picha ipendeze. Siku hizi naviacha hata picha ikiwa mbaya. Na nawasha lokesheni ya simu, na naandika kwenye daftari papo hapo tarehe, saa, nimesimama wapi naangalia wapi, na jina la pale kama wenyeji wanavyopaita, sio kama ramani inavyopaita. Ramani nayo inasaidia, kuna vijana wa mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015, wanafunzi wa vyuo na watu wa mitaani walitembea Tandale na kwingine wakachora mitaro na nyumba na vichochoro vyote kwenye OpenStreetMap, ile ramani ya bure ya intaneti, walirusha hadi droni, nawaheshimu sana kwa ile kazi. Na Google Earth ukirudisha miaka nyuma unaona mabati yanavyoongezeka kama mtu anamwaga njugu. Ila satelaiti inaona bati, haioni kwamba pale mwembeni palikuwa panaitwa kwa Mama Zuhura.

Mjini nako sijaacha kabisa. Kariakoo napiga nyumba za Kiswahili zilizobaki, zile za korido katikati, vyumba vitatu huku vitatu huku, uwani nyuma na baraza mbele, zimebanwa na ghorofa kumi kumi pande zote mpaka jua linaingia uwani saa sita mchana tu. Na soko. Soko kuu la Kariakoo lilichorwa na Beda Amuli, msanifu wetu, likafunguliwa 1975, lina lile paa la miavuli ya zege iliyogeuzwa juu chini. Mwanzoni mwa 2020 nilikuwa namsubiri shangazi ananunua viungo, nikawa napiga tu hovyo, magunia, ngazi, mwanga unavyoingia kutoka juu, mzee wa dagaa kalala. Julai 2021 soko likaungua. Nikazitafuta zile picha usiku uleule, zilikuwa ishirini na tatu, na nyingi zina ukungu kwa sababu sikuwa makini, nilikuwa nahesabu dakika shangazi amalize. Laiti ningekaa nusu saa zaidi.

Na hasara yangu kubwa ilikuja 2022. Nimepanda daladala ya Gongo la Mboto, imejaa, nikaibiwa simu. Ndani kulikuwa na miezi minane ya Pugu na Kisarawe ambayo sikuwa nimeihamisha, kuna wapakiaji wa mkaa pembeni ya msitu wa Kazimzumbwi, kuna bibi wa Kisarawe anasuka ukili anaongea peke yake, kuna kile kipande cha reli ya zamani na nyasi zake kabla hali haijabadilika. Simu nimenunua nyingine. Yule bibi nilirudi nikakuta amefariki mwezi mmoja kabla, na wanawe wakaniomba picha. Sikuwa nayo. Nilisimama pale uwani kwao sina la kuwaambia. Kwahiyo naomba sana ndugu yangu unayesoma, ukirudi nyumbani siku hiyohiyo kabla hujavua viatu hamisha picha, moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, na diski ya tatu mpe ndugu anayekaa nyumba nyingine. Yangu ipo kwa kaka, yule aliyebebwa kwenye picha.

Reli mpya nayo ni habari yake. Treni ya umeme ilipoanza kwenda Morogoro Juni 2024 nilipanda wiki za mwanzo, nimejipanga dirishani na kamera, Pugu, Soga, Ruvu, na nikagundua siwezi kupiga kitu, spidi inafika 160 na unachokiona kimeshapita. Nilifurahi sana safari yenyewe, mama alifurahi zaidi, alikuwa anasema Morogoro tulikuwa tunaamka alfajiri kama tunaenda hija. Ila kwa picha ilibidi niteremke. Kwahiyo sasa naenda Soga, nashuka, natembea kwa mguu kufuata njia za wakulima, kwa sababu nikiangalia Soga leo naiona Kiluvya ya 2019. Mihogo, miembe, nyumba za mbali mbali. Bikoni tayari nimeziona.

Pale Soga kuna bi mkubwa mmoja, nadhani ana miaka themanini, siku ya tatu nimeenda nikamletea picha yake imesafishwa, kakaa mlangoni na kanga mbili. Akaishika kwa vidole viwili, akaisogeza kwenye mwanga, nikawa nasubiri aseme nimependeza au nimezeeka. Akaniambia, "Mjukuu wangu, hapa nyuma mbona umekata njia?" Nikamuuliza njia gani bibi. Akasema ile ya kwenda mtoni, ndo njia niliyoletwa nayo hapa nikiwa mwari, nikabebwa mgongoni usiku, na maji nimeyachota njia hiyohiyo mpaka mgongo ukakataa. Mimi nishajiona, kapige njia.

Nikamuomba mjukuu wake wa kiume anipeleke. Tukapita nyuma ya nyumba, tukapita migomba, njia nyembamba mchanga mweupe imelala vizuri katikati ya nyasi, unaona kabisa ni ya miguu mingi ya miaka mingi. Tulitembea kama dakika tano. Halafu njia ikaingia kwenye ukuta wa tofali, mpya, bado haujapigwa lipu, umekata moja kwa moja juu ya njia na pembeni yake nyasi zimeshaanza kulala watu wakizunguka. Yule kijana akasema umejengwa mwezi uliopita, mwenyewe anakaa mjini.

Nikapiga njia inavyofika ukutani. Tukazunguka, nikapiga upande wa pili inapoendelea kwenda mtoni. Nikahakikisha kilima kipo kwenye zote mbili. Nikaandika kwenye daftari: Soga, Jumamosi, saa mbili na robo asubuhi, njia ya mtoni, na chini yake jina la bibi kama alivyotaka liandikwe.